Chakula cha Wafilipino katika Nyumba ya Kibati

Mtu akitaja mapishi ya nchi ya mbali, wengi wetu twafikiri mara moja makopo na chupa za dukani, majina yasiyosomeka, na bei ya kumrudisha mnunuzi mlangoni. Nasi tulikuwa na mawazo hayo hayo. Kama tusingalibanwa na shida, labda tungalikuwa nayo hata leo.

Kibati iko kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, kilomita zaidi ya 10 kaskazini ya mji, chini ya mlima Nyiragongo. Ardhi yetu ni jiwe jeusi lililotoka tumboni mwa mlima likapoa, na juu yake udongo mwembamba wenye rutuba nyingi. Viazi, maharage, kabichi na vitunguu huota vizuri. Ndizi nyingi hutufikia kutoka pande za Rutshuru na Masisi, na samaki kutoka ziwani. Maji ndiyo yenye taabu. Mvua hunyesha sana, lakini jiwe hili lenye matundu huyameza yote. Basi twakinga maji ya paa, au twanunua kwa bido na kuyabeba.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa wapiganaji wa M23. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na fedha za mkononi zikawa adimu. Mwalimu anayeingoja mshahara wake aelewa habari hiyo bila kuelezwa zaidi. Katika nyumba yetu tulikaa na karatasi, tukaanza kufuta vitu vya kununua. Siki ya chupa ilifutwa kwanza. Sosi ya nyanya ya kopo ikafuata. Mafuta tuliyabakiza, chumvi pia, na sabuni.

Ni katika siku hizo, tulipokuwa tukipanga vitabu, ndipo tuliposhika daftari dogo tulilolisahau. Mtawa mmoja kutoka Ufilipino, aliyepita kwetu miaka ya nyuma, alikuwa ametuandikia humo mapishi matano ya nyumbani kwao. Wakati ule tulimshukuru kwa adabu, kisha tukaliweka daftari chini ya kamusi. Sasa tulilisoma kwa macho mengine, kwa maana chakula cha kwanza kilitaka kuku, vitunguu saumu, chumvi na siki. Vitatu vya kwanza twaweza kuvipata Kibati. Kilichopungua ni siki peke yake. Na mtawa alikuwa ameandika pembeni kwamba kwao siki hutengenezwa kwa maji ya mnazi, ya miwa, na ya matunda mengine yenye sukari.

Yafaa tuseme maneno machache juu ya nchi hiyo. Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,000 katika bahari ya mashariki ya Asia, na watu wake wengi ni Wakatoliki kama sisi. Tena wamezoea, kama sisi, kulala chini ya milima ya moto. Sisi twaukumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipopasuka na mto wa moto kuikata barabara yetu na kufika Buhene, pembezoni mwa Goma. Wao wanaukumbuka mwezi wa Juni 1991, mlima Pinatubo ulipolipuka, na Januari 2020, ulipoamka mlima Taal. Tena mgomba wetu, tunaouita wetu tangu babu za babu zetu, asili yake ni pande zile zile za kusini-mashariki ya Asia na visiwa vyake. Kwa hiyo tulipochukua ndizi kuwa badala ya maji ya mnazi, hatukuwa tumekwenda mbali na kwao.

Chakula chenyewe huitwa adobo. Jina hilo ni la Kihispania, lakini chakula si cha Wahispania. Wahispania walipofika visiwani katika karne ya 16 waliwakuta wenyeji wakipika nyama kwa siki na chumvi, ili isioze upesi katika nchi ya joto. Wakaona yafanana na nyama ya kwao iliyolowekwa, wakaipa jina walilolijua. Mtawa Mfransisko, Pedro de San Buenaventura, aliliingiza neno hilo katika kamusi yake ya Kitagalogi, iliyopigwa chapa mwaka 1613, akieleza kwamba ni adobo ya wenyeji. Siku hizi nyumba nyingi za Ufilipino hutia pia sosi nyeusi ya soya, iliyotoka kwa wafanyabiashara Wachina. Nasi tulihangaika sana juu ya sosi hiyo, kwa kuwa hatuna. Mpaka tulipofahamu kwamba adobo ya chumvi tupu, wanayoiita nyeupe, ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya kale. Tulikuwa tumejihesabu maskini wa kitu ambacho wazee wao hawakukitumia.

Basi tukaanza kutengeneza siki, na hapa twapaswa kuungama ujinga wetu. Tulikwisha kusoma seminarini kwamba sukari hugeuka pombe, na pombe hugeuka siki. Tulidhani kujua maneno ni kujua kazi. Tulimenya ndizi 20 zilizoiva mno, zile zenye ngozi nyeusi ambazo wauzaji huzitoa kwa bei ndogo jioni. Tukaziponda, tukatia maji yaliyochemshwa na kupoa, tukachuja kwa kitambaa. Maji yale matamu tukayatia katika chupa kubwa ya kioo. Kisha, kwa kuogopa nzi na uchafu, tukaifunga chupa kwa kizibo, tukakikaza kwa nguvu zetu zote.

Usiku wa siku ya nne, yapata saa nane, mlio mkubwa ulisikika jikoni. Chupa ilikuwa imepasuka. Watoto wetu wawili hawakulia wala hawakuuliza neno. Waliteremka kitandani gizani, wakalala kifudifudi sakafuni, mikono juu ya vichwa, kama walivyojifunza katika siku zile za Januari. Tuliwasha taa, tukawachukua mkono mpaka jikoni, tukawaonyesha vipande vya kioo na sakafu iliyolowa. Tuliwaambia: Ni ndizi. Hawakuamini mpaka waliponusa. Tulikaa nao hapo hapo jikoni mpaka karibu na mapambazuko, na hatukupika wala kutengeneza kitu kwa muda wa wiki nzima.

Jirani yetu, mama mzee aliyefika Kibati mwaka 2008 pamoja na makumi ya maelfu ya watu waliokimbia vita vya Rutshuru, naye alisikia. Asubuhi alisimama mlangoni.

«Mwalimu, ni kitu gani kilicholia kwako usiku?»

«Ni ndizi, Mama.»

«Ndizi!»

Tulimweleza mambo yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi juu ya kigoda, akacheka hata machozi yakamtoka. Akasema: «Mwalimu, umeifungia pombe pumzi yake. Mimi nimekamua kasiksi tangu ujana wangu. Kila mara twahangaika isiharibike, tupate kuinywa bado nzuri. Wewe waitaka iharibike, kisha waifunga! Iache wazi. Itaharibika yenyewe, haihitaji mwalimu.»

Maneno yake yalikuwa kweli tupu, na elimu ya vitabu yakubaliana nayo. Chachu huila sukari ya ndizi na kutoa pombe pamoja na hewa. Hewa hiyo ndiyo iliyoipasua chupa yetu. Baadaye vijidudu vingine, vidogo visivyoonekana kwa macho, huigeuza pombe kuwa siki, navyo haviwezi kazi hiyo bila kupata hewa ya nje. Mtaalamu Mfaransa Louis Pasteur aliyachunguza mambo hayo katika miaka ya 1860. Hata jina la siki kwa Kifaransa maana yake ni divai iliyo chachu. Mama mzee hakupata kumsikia Pasteur, lakini alijua pa kuweka kizibo na pa kukiondoa.

Tukaanza upya, naye akisimamia. Aliagiza tutie kiganja cha unga wa mtama uliokaangwa, kama wafanyavyo watu wa kasiksi. Safari hii tulitumia mtungi wa udongo wenye mdomo mpana, tukaufunika kitambaa safi kilichofungwa kwa uzi: nzi wasipite, hewa ipite. Baada ya siku saba harufu ilikuwa ya pombe. Tulichuja tena, tukauacha mtungi nyuma ya mlango, mahali pasipo jua. Baridi ya Kibati huichelewesha kazi hii. Katika mji wa joto wiki nne zaweza kutosha, kwetu zilikuwa saba. Juu ya maji ulikaa utando laini wa rangi ya maziwa. Mtu asiutupe, huo ndio mama wa siki, na kipande chake chaweza kuanzishia mtungi mwingine. Lakini akiona ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, na amwage yote bila huruma. Tena chombo kisiwe cha alumini, kwa maana ukali wa siki hukila.

Twaongeza onyo moja. Siki ya nyumbani hatujui nguvu yake, maana hatuna kipimo. Ni nzuri kwa kupikia chakula cha kuliwa upesi. Lakini mtu asiitegemee kuhifadhi mboga au nyama katika chupa kwa miezi.

Siki ilipokuwa tayari, tulichinja jogoo. Twawapa wasomaji kipimo chetu. Kuku mmoja akatwe vipande. Siki nusu kikombe, maji vikombe viwili, vitunguu saumu vipande 8 vilivyopondwa, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, pilipili manga nusu kijiko. Daftari lilitaka pia majani makavu ya mloreli, nasi hatukuwa nayo. Tukatia majani mawili ya mlimau. Vyote hutiwa pamoja katika chungu kingali baridi, kikawekwa juu ya makala. Sheria ya Wafilipino ni hii: siki isikorogwe wala chungu kisifunikwe mpaka ichemke na ule ukali wa kupanda puani uishe. Hapo ndipo mpishi hufunika na kupunguza moto.

Daftari lilisema dakika 40. Kwa jogoo wa Kibati ni ndoto. Jogoo wetu amekimbia juu ya mawe maisha yake yote. Tena sisi twakaa karibu mita 1,900 juu ya bahari, ambapo maji huchemka yakiwa hayajafika joto la digrii 100, na nyama yakawia kulainika. Tulimpika saa mbili, tukiongeza maji mara mbili. Mwishoni mchuzi ulipokauka na kubaki kidogo, tulimkaanga katika mafuta yake mwenyewe mpaka akawa mwekundu.

Ladha yake? Chachu kidogo, chumvi, harufu ya kitunguu saumu iliyoingia mpaka mfupani. Mama wa watoto, ambaye tangu mwanzo alitutazama kwa mashaka, alichukua kipande cha pili kabla ya kusema neno. Wafilipino hula adobo kwa wali, lakini mchele kwetu una bei. Tulijaribu bugali, nao haukufaa sana: bugali wataka mchuzi mwingi, na adobo ina mchuzi mchache mzito. Viazi vya Kibati vilivyochemshwa ndivyo vilivyokuwa ndugu yake hasa. Na jambo lililotupendeza kuliko yote: jogoo wa Jumapili, aliyechemshwa tena asubuhi na jioni, alikuwa bado mzuri Jumanne. Nyumba isiyo na umeme wala barafu haiwezi kulidharau jambo hilo.

Tukapata moyo, tukafungua ukurasa wa pili: sosi ya ndizi. Hapa twapenda kukaa kidogo, kwa sababu ya mwanamke aliyeianzisha.

Maria Orosa alizaliwa katika mji wa Taal, mkoa wa Batangas, wenye jina moja na mlima wa moto tulioutaja. Alisoma elimu ya kemia katika chuo kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, akarudi kwao katika mwaka 1922. Angaliweza kukaa katika maabara ya Manila na kuheshimiwa. Yeye alikwenda vijijini kuwafundisha wanawake kuhifadhi vyakula na kula vizuri kwa vitu walivyo navyo. Alibuni tanuri la chungu cha udongo kwa nyumba zisizo na umeme. Aliona kwamba Wafilipino wanapenda sosi nyekundu ya Kimarekani, ile ya nyanya, ambayo yaletwa kwa meli, hali ndizi zaoza mashambani. Basi alitengeneza sosi ya ndizi, siki, sukari na viungo. Wakati wa vita kuu ya pili, Wajapani walipoitawala nchi, vyakula vya unga wa soya na vya pumba za mchele alivyovibuni viliokoa watu wenye njaa, hata wafungwa waliofungiwa kambini Manila. Jamaa zake walimsihi auhame mji. Alikataa kuiacha kazi. Aliuawa kwa kombora mwezi wa Februari 1945, katika vita vya kuukomboa Manila. Sosi yake ingali yaliwa kila siku kwao, nayo hutengenezwa viwandani.

Sisi tuliitengeneza hivi: ndizi sita zilizoiva zilipondwa, zikapikwa polepole pamoja na kitunguu kilichokaangwa, kitunguu saumu, siki robo kikombe, sukari vijiko viwili, chumvi na pilipili moja. Rangi ilikuwa ya udongo, isiyovutia. Ya viwandani hutiwa rangi nyekundu ili ifanane na nyanya. Sisi tulitia kijiko cha mawese, ikapata wekundu wa machweo. Watoto waliila na viazi vya kukaanga mpaka bakuli likawa halihitaji kuoshwa. Kwa sosi hii hatuna neno la kulalamika, isipokuwa kwamba haikai: kwa siku nne tu huanza kubadilika.

Chakula cha tatu kinaitwa kare-kare, nyama na mboga katika mchuzi mzito wa karanga. Hicho hakikututaabisha, kwa kuwa mchuzi wa karanga twaujua. Taabu ilikuwa katika kiungo chake, samaki wadogo waliochachushwa kwa chumvi, ambao Wafilipino huwaita bagoong. Kwetu wako sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, nao ni wageni humu ziwani, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kipimo ni sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi. Twasema wazi kwamba hatukuthubutu. Kazi hiyo yataka mwalimu aliye karibu, kwa maana samaki wenye chumvi haba wanaweza kumdhuru mlaji. Tuliwatwanga sambaza wakavu pamoja na chumvi na pilipili, tukaweka kijiko kimoja pembeni ya sahani. Si bagoong; ni sambaza waliotwangwa. Lakini walikubaliana na karanga vizuri sana.

Juu ya supu yao ya uchachu, sinigang, hatuna mengi. Hutaka ukwaju, nao hauoti kwenye baridi hii. Baadhi yao hutumia mapera, nasi tulifanya vivyo hivyo kwa mapera yaliyoiva na ndimu moja. Mara nyingine tulijaribu marakuja. Marakuja msijaribu.

Na sosi ya soya, ile nyeusi ya kweli, tuliiacha. Soya twalima Kivu, na unga wake twaupa watoto katika uji. Lakini kuichachusha mpaka iwe sosi ni ufundi wa miezi mingi wenye ukungu wake maalumu. Wengine walitushauri tuchome sukari mpaka iwe nyeusi, tuite hiyo soya. Tulifanya mara moja. Ilikuwa maji machungu yenye rangi.

Mtu atauliza: Basi, ni chakula cha Wafilipino au cha Kibati? Swali hilo lilitusumbua nasi pia, hata tukamwandikia yule mtawa kwa simu, tukamweleza kila badala tuliyoifanya bila kuficha. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Alisema majani ya mlimau hajapata kuyaona katika adobo ya mtu yeyote. Alisema pia kwamba shangazi yake hutia nanasi, na watu wa mkoa wa Batangas hutia manjano, na kwamba nyumbani kwao dada wawili hawakusemezana kwa Krismasi nzima kwa sababu ya adobo ya nani ndiyo ya mama. Kisha aliuliza kama siki ya ndizi ni kali au ya taratibu, maana mama yake huitaka kali.

Ni ya taratibu. Mama jirani asema kosa ni letu, tuliichuja mapema. Mtungi wa tatu uko nyuma ya mlango sasa, umefunikwa kitambaa, naye ndiye aliyeufunga uzi. Hupita kila asubuhi kuunusa, na mpaka leo hajaturuhusu kuufungua.